Filamu Inauma Wapi?

Kijana aliingia na diski mfukoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu aliyeleta choo maabara. "Mzee, ni rangi tu. Nipigie rangi kali, hii kitu imeisha." (Mzee ni mimi, na hamsini bado sijafika.) Filamu ya dakika 22, imepigwa mitaa ya Umoja na Kariobangi, hapa Nairobi, kwa kamera ya kukodi ambayo pesa yake ya siku chache ingenilipia kodi ya hiki chumba changu cha Ngara. Picha zilikuwa safi kweli. Filamu ilikuwa mbovu. Naye alijua, maana mtu ambaye filamu yake imekubali haji kutafuta rangi saa mbili usiku.

Mimi ni mhariri. Yanayonifikia mezani ni makosa ya watu wengine yakiwa yameshakauka, kwa hiyo nimezoea kuyasoma kinyumenyume. Watu huleta filamu kama wanavyopeleka gari Barabara ya Kirinyaga: mwenyewe anasema breki, fundi anazunguka mara moja na kuguna, kumbe ni beringi. Filamu nayo huuma pahali pamoja na ugonjwa ukawa pengine, mara nyingi nyuma zaidi. Linalokusumbua kwenye uhariri lilizaliwa siku ya kupiga picha, na lililokusumbua siku hiyo lilikuwa limelala kwenye mswada tangu mwanzo. Filamu nzuri unazozistahi zilikuwa na matatizo haya haya. Ni kwamba kuna mtu aliyakamata yangali machanga.

Kabla hujagusa kitu, pima mara mbili. Kwanza geukia ukuta usikilize filamu dakika tano bila kutazama. Kisha zima sauti utazame dakika hizo hizo. Ukisikiliza tu na ukajua ni nani anaongea, yuko wapi na anataka nini, sauti yako ni nzima. Ukitazama tu na ukaelewa nani amemkasirikia nani, picha yako inafanya kazi. Ukifeli vipimo vyote viwili, usipoteze muda wako kwenye kompyuta, rudi kwenye mswada.

"Picha ni nzuri, lakini watu wanashika simu"

Karibu kila mara ni sauti. Mtazamaji hatakwambia hivyo. Atasema filamu imemchosha, au haijamwingia, kwa sababu sikio likichoka halitoi maelezo, linafunga mlango tu. Picha yenye chembechembe atakuvumilia, huenda hata akadhani ulikusudia. Maneno asiyoyasikia hakuvumilii nayo hata dakika tatu.

Sasa jiulize sauti ni mbaya kwa namna gani, kwa maana kila namna ina chanzo chake.

Ikiwa maneno yanasikika lakini kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji, maikrofoni ilikaa juu ya kamera na kamera ilikaa upande wa pili wa chumba. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia moja kwa moja hubaki robo, huku mwangwi wa chumba ukibaki pale pale. Na nyumba zetu ni za mwangwi: sakafu ya taili, kuta za simiti, pazia jepesi la kuzuia macho ya majirani. Programu za kupunguza mwangwi zipo, lakini ukizikaza sana mtu anatoka kama amebanwa pua. Dawa ni ya siku ya kupiga: maikrofoni kwenye fimbo, sentimita 40 au 50 kutoka mdomoni, nje kidogo tu ya picha, magodoro mawili yamesimamishwa nyuma ya kamera na blanketi sakafuni. Nimeenda kwenye seti yenye taa za kutosha kumulika uwanja wa mpira, na blanketi hakuna hata moja.

Ikiwa kuna mvumo wa chini usiokoma, tafuta friji. Friji inanguruma polepole, masikio ya watu huizoea baada ya dakika mbili, ila maikrofoni haizoei. Izime. Na ukishaizima, weka funguo za gari lako ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kuifungua na kukumbuka kuiwasha, maana nyama ya mwenye nyumba ikioza hutakaribishwa tena. Hila hii ni ya zamani na haijapata mbadala.

Ikiwa mvumo unabadilika kila picha inapokatwa, hapo umekosa kitu ninachokiita ukimya wa chumba. Hakuna chumba kilicho kimya Nairobi. Kuna boda, redio ya jirani, kunguru wanaokwaruza mabati, mtu wa mboga na spika yake. Ukipiga South C au Lang'ata, ongeza ndege ndogo za uwanja wa Wilson. Hayo yote ni sawa mradi yaendelee bila kukatika. Yule kijana alimpiga picha mama wa hadithi asubuhi, Jumapili, kanisa la jirani likiwa limepamba moto, halafu akampiga picha mwana alasiri watu wameshatawanyika. Alipowakutanisha kwenye mazungumzo, kwaya ilikuwa ikipasua kila mama alipofungua mdomo, na kunyamaza kwa heshima kila mwana alipojibu. Yeye hakuwa amelisikia hilo. Alikuwa anaangalia rangi.

Kabla ya kufungasha, simamisheni kila mtu pale alipo na mrekodi dakika moja ya chumba chenyewe bila neno. Waigizaji watacheka. Waache wamalize kucheka, kisha mwanze upya. Dakika hiyo moja ndiyo mhariri anaitandika chini ya mazungumzo yote ili viraka visionekane. Lakini kwaya haitandikiki. Ilibidi yule mama arudie.

Ikiwa maneno yamepasuka, yale ya kukwaruza kama spika ya matatu iliyochoka, hakuna dawa ya kweli. Sauti iligonga dari wakati wa kurekodi, na kilichokatwa juu hakipo tena. Weka vilele karibu na desibeli -12 kwenye kipimo na umwache mwigizaji nafasi ya kupiga kelele. Na mtu mmoja avae hedfoni muda wote, si mwelekezi, maana mwelekezi anajua maneno tayari na atayasikia hata yasiposikika.

Midomo na maneno yakipishana, tazama mwanzo na mwisho wa kipande. Tofauti ikiwa ni ile ile kote, sogeza sauti na mambo yameisha. Ikianza sawa na kuzidi kuachana kadiri dakika zinavyosonga, shuku simu: nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kimyakimya kadiri mwanga unavyopungua. Zigeuze faili kwanza ziwe na idadi moja thabiti, ndipo uhariri.

"Ukuta unaonekana kuliko mtu"

Hapa watu hukimbilia kununua taa. Subiri kwanza. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, hutafuta wastani wa kila kilichomo kwenye picha. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana, nayo itauona ule weupe, itaogopa, itafunga jicho. Uso unakuwa shimo. Ukiuinua kwenye kompyuta, zinakuja chembechembe na ngozi inageuka kijivu, rangi ya mtu aliyelazwa.

Lawama si zetu peke yetu. Kwa miaka mingi Kodak ya Marekani ilisambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha kutoka vizuri. Kamera za leo zimesogea mbali na hapo, lakini tabia ya kupiga picha watu weusi kama tunavyoona vitabu vya wengine vikielekeza bado tunayo.

Kwa hiyo: pima mwanga usoni, siyo kwenye fremu nzima. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini ukazie hapo hadi kipimo kifungwe. Mwondoe mtu ukutani, mita mbili hivi, na kama ukuta ni mweupe kabisa tundika leso au shuka la rangi iliyoiva. Kisha acha mwanga uje kutoka kando, kwenye dirisha, kwa sababu ngozi nyeusi inapendeza kwa kile inachorudisha: mstari wa mwanga shavuni, kwenye paji, kwenye ukingo wa pua. Chanzo kikubwa na laini hufanya kazi kuliko taa ndogo kali. Ubao mweupe upande wa pili, mafuta kidogo ya kujipaka, na una uso.

Nje, tatizo ni jua letu. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na kuanzia kama saa nne hadi saa tisa linachimba vivuli chini ya nyusi hadi kila mtu anaonekana hajalala. Piga mapema au alasiri. Alasiri usizembee, jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza la ikweta halibishi hodi. Mkilazimika kupiga mchana, ingieni chini ya kibaraza au kivuli cha mti, mkiangalia nje.

"Taa zinacheza kwenye picha"

Hii ni rahisi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu na kamera nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30 kwa sekunde na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/60, kipimo cha nchi za hezi 60 kama Marekani. Weka fremu 25 na shata 1/50. Mistari ikibaki, ni taa yenyewe, ing'oe.

"Sielewi nani anamtazama nani"

Watu wawili wanakula chipsi kwenye meza moja. Vuta mstari wa kufikirika kutoka pua ya mmoja hadi pua ya mwingine. Ukiwapiga picha wote kutoka upande mmoja wa mstari huo, mmoja atatazama kulia na mwingine kushoto, na mtazamaji atajua wanatazamana. Ukivuka mstari bila kumwonyesha mtazamaji kwamba umevuka, wote wawili wataonekana wakitazama upande mmoja, kama abiria wa matatu.

Kama umeshapiga na umeshavuka, tafuta picha isiyo na upande: mikono, sahani, muuzaji akinyunyiza chumvi. Iweke katikati, ubongo wa mtazamaji utasahau alikuwa ameketi wapi. Wengine hugeuza picha kama kwenye kioo. Inawezekana, ila angalia maandishi kwenye fulana. Na angalia magari. Nimewahi kupokea filamu ambayo stelingi anaendesha usukani ukiwa kushoto akipita katikati ya mji upande wa kulia wa barabara, eti ili macho yake yalingane na ya mpenzi wake.

"Mwigizaji anaigiza"

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu lawama humwangukia mwigizaji na mara nyingi hana kosa.

Wapo kweli waliolelewa na jukwaa. Waigizaji wetu wengi walianzia tamasha za drama za shule au vikundi vinavyozunguka na tamthilia za vitabu vya mtihani, ambako sauti lazima ifike kwa mwanafunzi wa safu ya nyuma kabisa ukumbini. Kamera iliyo umbali wa mita moja haihitaji hayo. Waambie waongee kama wanaongea na mtu aliye kwenye kitanda cha pili, huku mtoto amelala. Wengi watarekebika kwa siku moja.

Lakini jaribu hivi: chukua mstari unaosikika vibaya, mpe mtu mwingine yeyote ausome. Ukiendelea kusikika vibaya, mwigizaji ameachiliwa huru. Miswada yetu mingi huandikwa kwa Kiingereza, halafu inatafsiriwa siku ya kupiga, mtu amesimama, jua linaondoka. Ndipo unapata mama wa Kariobangi akimwambia mwanawe, "Siwezi kuamini kwamba ungeweza kunifanyia jambo kama hili." Hakuna mama wa Kariobangi aliyewahi kuyasema hayo. Angesema, "Kumbe ni wewe." Au angemtuma dukani na kumhesabia chenji mbele yake, na huyo kijana angetamani ardhi ipasuke.

Wakati mwingine hakuna mstari unaofaa. Filamu ya mgeni wangu ilimhusu kijana aliyeuza cherehani ya mamake. Onyesho kuu ni pale mama anaporudi na kukuta meza tupu. Mswada ulimtaka apige mayowe, naye akapiga, mara sita, kila mara kwa bidii zaidi, na kila mara nikashusha sauti. Nikaanza kutafuta vipande ambavyo hakuna mtu huvitazama, vile vya kabla mwelekezi hajasema anza. Kwenye cha nne, kamera ilikuwa tayari inazunguka, watu wanabishana nyuma kuhusu kebo. Yule mama amesimama akisubiri. Anaiangalia meza. Ananyanyua ncha ya leso, anapangusa pale cherehani ilipokuwa, polepole, mviringo mmoja, na kuacha mduara wa mbao safi katikati ya vumbi. Halafu anauangalia mkono wake. Sekunde 11. Nilitoa mayowe yote sita, nikaweka hizo.

Karne moja iliyopita huko Urusi, mwelekezi Lev Kuleshov aliunganisha uso wa mwigizaji mmoja, uso ule ule, na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Meza tupu ikitangulia, uso wa mtu anayesubiri kebo unatosha. Kijana alipoona aliuliza nimempata wapi yule mwigizaji.

"Katikati inachosha"

Hapa hakuna mashine itakayokusaidia. Jaribu kipimo cha kibanda cha video. Jiweke kwenye nafasi ya DJ Afro, anayetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaa, na uisimulie filamu yako kwa sauti kuanzia mwanzo. Watu hukaa kwenye benchi lisilo na mgongo kwa sababu kila wakati wanajua stelingi anatafuta nini na nani amemzibia njia. Ukijikuta unasema "sasa anatembea… bado anatembea… ameketi," simama hapo hapo na uandike dakika.

Kwa kijana wangu ilikuwa dakika ya 9 hadi ya 15. Stelingi anazurura, anavuta sigara, anakaa kando ya barabara ya Outer Ring akitazama malori. Picha nzuri sana, na nilitaka kulia kwa uchovu. Dakika ya 16 ndipo tunapojua rafikiye yuko seli na dhamana inatakiwa kabla ya kesho. Mwandishi alikuwa ameificha habari hiyo ili itushtue. Nikalihamisha onyesho la seli hadi dakika ya 4. Kuzurura kulekule, malori yaleyale, sasa unamtazama mtu anayehesabu saa na kuifikiria cherehani. Nilikata nusu ya matembezi, na nusu iliyobaki ikawa ndiyo bora kuliko zote.

Mengine ya haraka. Muziki ukipigwa mwanzo hadi mwisho, unafunika kitu. Uzime wote, urudishe tu pale unapoukosa. Picha ya drone ya jumba la KICC la katikati ya mji mwanzoni: kama hadithi yako iko Kariobangi, jumba lile linatwambia nini? Na drone huko juu inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo umetafuta makaratasi ili kutuonyesha jengo ambalo liko kwenye noti na kadi za posta tangu tulipokuwa wadogo. Maandishi ya mwisho yakipita kwa kasi, mama za waigizaji watalalamika. Punguza.

"Basi nipigie rangi"

Sawa, sasa tunaweza. Rangi ni kazi ya mwisho, ya kulinganisha picha moja na jirani yake ili ngozi ya mama isibadilike anapotoka jikoni kwenda sebuleni. Kwake kulikuwa na tatizo moja tu la kweli: dirisha lilikuwa linaleta mwanga wa mchana, karibu 5600 Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga), na balbu ya jikoni ilikuwa ya manjano, karibu 3000, hivyo nusu ya uso ilikuwa buluu na nusu chungwa. Ningepambana nalo usiku kucha. Nilimwambia kwa kuwa anarudia sauti ya mama, arudie na picha, azime ile balbu na kuliacha dirisha lifanye kazi.

Alirudi baada ya wiki mbili. Dakika 14 badala ya 22. Niligeukia ukuta, nikasikiliza. Kwaya hakuna, friji hakuna, mtaa unapumua taratibu chini ya maneno. Nikamuuliza kama alikumbuka funguo.

"Mzee, mimi sina gari," akasema. "Niliweka kiatu."

Kimoja, cha kulia. Kazi ilipoisha, mama wa filamu alifungua friji kutafuta maziwa ya chai, akakikuta kimelala kando ya sukumawiki. Hayo mayowe, anasema kijana, ndiyo aliyokuwa akiyataka tangu mwanzo, na kamera ilikuwa imeshazimwa.